Jina la Filister Katika Wimbo wa Makina

Hayat akishikwa na jambo, hashikiki. Wanaomjua tangu akiwa mdogo wanakumbuka mwaka aliposhikwa na karate akavunja stuli ya shangazi yake kwa teke, na mwaka wa sungura, ambao uliisha pale sungura wawili walipoonekana ndani ya msikiti wa Makina, tena Ijumaa. Kwa hiyo Jumamosi ile aliporudi kutoka chuoni akisema Waslavi hivi, Waslavi vile, watu wa nyumbani walitazamana tu, wakakubaliana kimyakimya kwamba hili nalo litapita.

Halikupita. Hayat alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, msusi katika saluni moja pale Kawangware 56, na alikuwa ameamua kusoma historia katika chuo cha mjini, masomo ya Jumamosi. Mwenye saluni aliuchukulia uamuzi huo kama tusi, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ya vichwa. Mwalimu wao alikuwa Daktari Mutheu, mwanamke mfupi wa Kitui mwenye sauti ya kuuzia mitumba, ambaye hakuwahi kukaa kitini tangu muhula uanze.

Zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, alisema Mutheu siku hiyo, Wacheki walikuwa watu wa kuambiwa nyamaza. Walitawaliwa na wengine, na mtu akitaka kuonekana msomi mjini Praha alisema Kijerumani. Kicheki kilibaki lugha ya zizini na jikoni, ya kumfokea ng'ombe na kumbembeleza mtoto. Waslovakia, Waslovenia, Waserbia, wengi wa ndugu zao wa Kislavi walikuwa kwenye mashua hiyo hiyo. Kisha akatokea mwanafalsafa mmoja, na ajabu ni kwamba alikuwa Mjerumani, mchungaji wa kanisa, akaandika kwamba hakuna watu duniani wasio na roho yao. Kila watu hufikiri kwa lugha yao, alisema, na lugha ikizikwa, kuna namna nzima ya kuiona dunia inayozikwa nayo. Tena roho hiyo usiitafute ikulu. Itafute kwa mkulima, kwa mwanamke anayesokota sufu, kwa bibi anayemwimbia mjukuu. Kuhusu Waslavi wenyewe aliandika kwamba ni watu wa jembe na amani, waliokanyagwa muda mrefu, na kwamba siku moja wataamka.

"Sasa fikirieni," Mutheu akasema akizunguka meza. "Vijana wa Kicheki wanayasoma haya kwa Kijerumani, kwa sababu Kicheki chao ni cha kuombea maji. Wanaambiwa kwa lugha ya mkubwa kwamba lugha ya nyanya zao ni dhahabu. Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

Darasa likacheka. Hayat hakucheka, alikuwa amesahau hata kufunga mdomo. Mutheu akaendelea. Vijana wale waliingia vijijini kuokota nyimbo. Walitunga kamusi, na walipokosa neno la jambo jipya walilibuni au wakaliazima kwa ndugu zao Waslavi. Mserbia mmoja mwenye mguu mbovu alitembelea gongo miaka nenda miaka rudi akikusanya nyimbo za wakulima na za wanawake vipofu. Kule Praha watu walijenga jumba la maigizo kwa lugha yao wenyewe, mawe ya msingi yakaletwa kutoka milima ya nchi nzima; likaungua, wakalijenga tena. Fikra ya mtu mmoja kuhusu wimbo wa bibi ilikuwa imetoka kwenye karatasi ikawa taifa.

Ni lazima uelewe kwa nini Hayat alishikwa hivyo. Yeye ni Mnubi. Babu za babu zake waliletwa kutoka Sudan kama askari wa mkoloni, wakapewa msitu wakae, wakauita Kibra, ambamo leo mna Makina, na tangu hapo hakuna ofisi ambayo haikuwauliza kwao hasa ni wapi. Kinubi cha Hayat mwenyewe kilikuwa cha kuombea maji, tena maji ya kunywa tu, si ya kuoga. Na nyumbani, kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, alikuwa ameketi bibi mwenye nyimbo. Hayat alitoka darasani akikimbia.

"Habuba, wewe ni taifa," akasema mlangoni, kabla hata ya salamu.

"Mimi ni njaa," bibi yake akajibu. "Umeleta mkate?"

Huyo ndiye habuba Zeinabu. Kwa miaka mingi hakukuwa na harusi ya maana Makina bila yeye kuketi mbele ya wanawake na doluka yake, ile ngoma ya Kinubi ambayo jina lake ndilo jina la uchezaji wenyewe. Alikuwa na wimbo mmoja mrefu alioupokea kwa mamake, unaoanzia enzi za msitu na kuteremka kizazi kwa kizazi, ukimtaja mwanamke mmoja baada ya mwingine na kumtania: huyu alipika wali ukamshinda hata mbwa, yule aliposwa mara nne akawakataa wote kwa sababu ya masikio yao. Ukitajwa, unainuka kucheza, mwenye hasira na mwenye furaha. Kundi la Zeinabu lilikuwa na sheria yake. Jina likiingia kwenye wimbo halitoki mpaka mwenyewe azikwe. Akizikwa, ubeti wake unarukwa, na mahali pake wanawake wanapiga makofi matatu ya taratibu, kisha wanaendelea.

Lakini sasa sauti ya Zeinabu ilikuwa imekwisha, imebaki kama mlango unaohitaji mafuta. Harusi ya mjukuu wake Nasir, binamu yake Hayat, ilikuwa imekaribia, na bibi alikuwa ametangaza kwamba mjukuu wa kike atakayeuongoza wimbo mrefu siku hiyo, mwanzo hadi mwisho, ndiye atakayepewa doluka. Hadi Jumamosi ile wajukuu wote walikuwa wametazama simu zao. Sasa Hayat aliitaka ngoma ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, karate na sungura ukijumlisha.

Basi nyumba ikageuka shule. Kila jioni akitoka saluni alimkalia bibi mbele, akimrekodi kwa simu, akirudia neno kwa neno, akiuliza hili lina maana gani na lile lilitoka wapi. Alijifunza majina ya miti ambayo hakuna mtu Nairobi aliyewahi kuiona tena. Usiku mmoja alimwamsha mamake kumwambia kwamba wana neno moja la Kinubi kwa harufu ya udongo ukinyeshewa. Mamake alimwambia azime taa. Saluni nako wateja walisukwa huku wakihubiriwa Waslavi, na wapo walioondoka na nywele nzuri wakiijua historia ya Praha kuliko ya mitaa yao.

"Cuzo, hizo story zako za Slavia zitaisha lini?" Nasir alimuuliza. "Mimi nataka harusi tu. Sitaki lecture."

"Harusi yako ndiyo itatuamsha," Hayat akamjibu, na hakuwa anatania.

Mpango ulikuwa umeshakua kichwani mwake. Wimbo ungerekodiwa siku ya harusi, kamera mbili, kisha ungewekwa mtandaoni dunia nzima iuone: huu hapa, wimbo halisi wa Wanubi wa Kibra, haujachanganywa na kitu. Atakayeuliza tena kwao ni wapi angetumiwa hiyo video.

Kasoro ilikuwa moja tu. Karibu na mwisho, baada ya beti zote za Kinubi, wimbo ulisimama ghafla na kuuliza swali kwa Kijaluo. *Filister, iting'o ang'o?* Filister, umebeba nini? Swali hilo tu, mara tatu, bila jibu, halafu Kinubi kinaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Habuba, hii ya Mama Tonny imeingiaje hapa?" Hayat aliuliza.

"Hiyo ni yangu na Filister. Imba."

Hayat alimjua Filister vizuri sana. Kila mtu pale stage ya Kawangware 56 alimjua. Alikuwa mwanamke mkubwa wa Kijaluo, mama yake Tonny, mkazi wa Kabiro, huko huko Kawangware, akikaanga samaki hatua chache kutoka mlango wa saluni. Zamani alikuwa mpangaji wa Zeinabu kule Makina, kabla ya mwaka ule wa vurugu za kodi, wapangaji, wengi wao Wajaluo, na wenye nyumba Wanubi walipogeukiana na moto ukawaka. Mwaka huo Hayat alikuwa mtoto mdogo, akiishi na babake huko Kibos, mbali na Nairobi, na aliporudi Makina alikuta mambo ya mwaka ule hayasemwi ndani ya nyumba. Wanaotakiwa kuishi pamoja walikuwa wameamua kuyafunika. Kwa hiyo hakujua, na kwa kuwa alikuwa na haraka ya kuamsha taifa, hakuuliza mara ya pili.

Jumamosi iliyofuata Daktari Mutheu alileta habari nyingine. Moto ule wa Waslavi, alisema, ulipowaka sana uliwachoma hata waliouwasha. Kijana mmoja wa Kicheki aliona taifa lake halina nyimbo za kale za kutosha, za mashujaa, kama za majirani. Basi akadai ameokota hati kuukuu ndani ya mnara wa kanisa, zimejaa nyimbo za karne na karne zilizopita. Nchi ikafurahi, watoto wakafundishwa, wachoraji wakazichora. Ilichukua miaka mingi sana wasomi wa Kicheki wenyewe kusimama na kusema kwamba hati zile zilitungwa, na waliosema hivyo waliitwa wasaliti.

Darasa lilicheka mpaka machozi. Hayat alicheka kuliko wote. Akiwa njiani kurudi bado alikuwa anacheka, na katikati ya kicheko hicho akafanya uamuzi wake kuhusu ubeti wa Filister. Ulikuwa mfupi. Ulikuwa mpya. Ulikuwa kiraka cha kitambaa kingine kwenye gurbaba ya arusi, lile vazi la wanawake wa Kinubi, na dunia ingeuona na kucheka. Yule kijana wa mnara alidanganya kwa kuongeza, akajiambia. Mimi siongezi kitu, napunguza tu. Na sheria ya majina? Sheria ile ni ya wenyewe, ya wanawake wa Kinubi, kwa mawazo yake. Namna mtu mwenye akili anavyoweza kujipangia hoja zikakaa sawa kama visahani kabatini, inatia hasira hata kuisimulia.

Siku tatu kabla ya harusi Filister alimwita kutoka kwenye karai lake la mafuta.

"Nyar Makina," alisema, maana ndivyo alivyomwita siku zote, binti wa Makina. "Nasikia ni wewe utaimba."

"Ni mimi, Mama Tonny."

"Mathe Zeinabu amenitumia salamu nikuje. Nimeshona nguo. Na goti langu limekuwa likinisumbua, lakini nimeliambia lingoje mpaka Jumapili." Akacheka, akageuza samaki. "Miaka mingi hawajaniuliza lile swali. Utaliuliza poa, eh? Usilikimbize."

Hapo Hayat angeweza kusema. Mdomo ulifunguka hata. Lakini alimuona Filister anavyojifuta mikono kwenye aproni kama msichana anayengoja kutolewa kucheza, akashindwa, akasema tu kwamba kuna kichwa kinamngoja ndani. Alisuka vibaya siku hiyo mpaka ikabidi afumue.

Harusi ya Nasir ilifana. Ua wa nyuma ulifungwa turubai, wanawake wakajaa na gurbaba zao za kila rangi, udi ukafukizwa, wali ukapita. Baada ya adhuhuri Hayat akaketi mahali pa bibi yake na doluka mapajani. Akaipiga ngoma mara ya kwanza.

Niseme ukweli, aliimba. Wasichana waliokuwa wameshika simu kwa mizaha walizishika sawasawa. Msitu ulipita, miti yote kwa majina yake, na wazee wa kike waliyasikia majina ambayo walidhani wameyazika na mama zao. Aliyepika wali vibaya alikuwa marehemu, akapigiwa makofi yake matatu. Aliyewakataa wachumba wanne alikuwa hai, na akainuka kwa mkongojo akacheza, ua mzima ukapiga vigelegele. Zeinabu, kwenye kiti chake cha plastiki, alikuwa analia bila kujificha. Hayat aliona kila kitu kikiwaka mbele yake, Praha, mawe ya milimani, wale vijana na kamusi zao. Alikuwa na furaha ambayo hakujua mtu anaweza kuwa nayo akiwa ameketi.

Wimbo ulipokaribia mwisho, Filister alianza kujiandaa. Alikuwa ameketi nyuma na nguo yake mpya ya kitenge. Akafungua leso kiunoni. Akapita katikati ya watu akiomba njia, akafika mbele, akaitandaza leso mgongoni kwa mikono miwili na kuinama kidogo, kama mama anayengoja kubebeshwa mtoto mgongoni. Wanawake wazee wakaanza kucheka kwa raha, maana walijua kinachokuja.

Hayat akavuta pumzi, akaruka, akaingia kwenye ubeti uliofuata.

Wale wazee hawakukusudia. Mikono yao ilikuwa imezoea. Wimbo uliporuka jina, viganja vyao vikakutana vyenyewe, pa, pa, pa, taratibu, na Filister akiwa amesimama palepale mbele yao, ameinama, leso mkononi.

Kofi la tatu lilipolia kila mtu alikuwa ameshaelewa. Hayat aliendelea na maneno mawili matatu, halafu akasimamisha ngoma.

"Si kitu," Filister akasema, akiikunja leso yake haraka haraka. "Watoto hawawezi kukumbuka yote. Harusi iendelee. Wacha mimi niwahi gari."

"Keti," Zeinabu akasema kwa ile sauti yake ya mlango mkavu. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Umemzika mtu anakutazama."

Hayat alitaka kusema jambo kuhusu usafi wa wimbo. Ajabu ni kwamba neno hilo, lililokuwa linang'aa wiki nzima, sasa lilikuwa na harufu mbaya mdomoni.

"Unajua hiyo uliyokaa nayo ilitoka wapi?" bibi akaendelea, akiinyooshea doluka kidole. "Mwaka ule nyumba yangu iliwaka. Mimi nilikimbilia msikitini na nguo ya mwilini. Ngoma ya mamangu ilibaki ndani. Huyu alikuwa chumba cha tatu. Aliacha godoro lake, akaacha karai lake la kazi, akaingia kwa moto akatoa ngoma. Sema, Filister. Sema wewe, mimi pumzi haitoshi."

Filister hakutaka. Ilibidi wanawake wamshike mkono. "Nilikuwa napita kwenda Kabiro kwa dadangu," akasema akitazama chini. "Pale kwa reli vijana wa kwetu walikuwa wamefunga njia. Kitu cha Mnubi wakikiona, wanachoma. Nikaifunga mgongoni na leso, nikaifunika kichwa. Tonny alikuwa anatembea kando yangu ameshika sketi. Kijana mmoja akanisimamisha na panga. Akaniuliza, iting'o ang'o?"

"Ukamwambiaje?" aliuliza bi arusi, aliyekuwa amesahau kabisa kuwa ni bi arusi.

"Nikamwambia nyathina. Mtoto wangu. Akasema pita, mama, huyo mtoto asivute moshi."

Zeinabu akamalizia kwamba mambo yalipotulia Filister aliirudisha vilevile, mgongoni, kwa miguu kutoka Kabiro, na harusi ya kwanza iliyofuata swali la yule kijana liliingia wimboni kwa lugha lililoulizwa. "Nililiweka huko ili sisi tusisahau na wao wasiaibike," akasema. "Ndiyo maana halina jibu. Jibu ni yeye kuinuka."

Aibu ilimshika Hayat kuanzia miguuni. Angetamani ardhi ya Makina impokee. Lakini kama nilivyosema mwanzoni, huyu ni mtu ambaye akishikwa hashikiki, na safari hii ilimfaa. Alisimama na doluka kifuani, akaenda mpaka mbele ya Filister, akapiga magoti.

"Mama Tonny, nimekukosea. Sikusahau. Niliruka makusudi, nikidhani wimbo utakuwa wetu zaidi." Machozi yalikuwa yanamwingia mdomoni. "Niruhusu nikuulize."

Filister alimtazama. Kisha akaitikisa leso ikafunguka, akageuka, akainama.

Mikono mingi ilisaidia kuifunga ngoma mgongoni pake. Hayat akasimama nyuma yake, akaipiga hapo hapo ilipo, na akauliza. *Filister, iting'o ang'o?* Hakulikimbiza. Ua wote ukamwuliza pamoja naye mara ya pili, wazee na wasichana na wapishi waliotoka jikoni na miiko, na mara ya tatu Filister akaanza kucheza. Goti lililoambiwa lingoje lilingoja. Alizunguka ua mzima na doluka ikilia mgongoni, Hayat akimfuata nyuma akipiga, wote wawili wakilia na kucheka, na vigelegele vilikuwa vikubwa hata wanaume upande wa pili wakatuma mtu kuuliza kama kuna habari. Nasir alichungulia kwenye turubai akaitazama harusi yake ikimponyoka, akaona heri aingie kucheza.

Walipochoka, Hayat aliifungua ngoma na kumpelekea bibi yake kwa mikono miwili. Zeinabu hakuipokea.

"Leo inalala Kabiro," akasema. "Itakaa kwa Filister. Atakayeitaka ataifuata huko, kwa miguu, na ataileta ilivyokuja."

Jumamosi iliyofuata Hayat aliinua mkono darasani kabla Mutheu hajafungua mdomo. Aliuliza kama wale waokotaji wa nyimbo waliwahi kukuta wimbo wenye jirani ndani yake.

"Kila siku," Mutheu akasema. "Wamepakana, wameoana, wameazimana chumvi. Kuna nyimbo ambazo mataifa matatu yanazidai mpaka leo. Na kuna waliochukua fikra ya yule mchungaji, ambayo ilikuwa ya kumwinua aliyekanyagwa, wakaifanya ungo wa kupepetea watu. Huyu wetu, huyu si wetu. Mimi sijui kama alilitaka hilo. Nadhani hakulitaka. Kwa nini unauliza?"

Hayat akasimama akasimulia yote, hata yale makofi matatu. Alipomaliza, Daktari Mutheu, kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze, alivuta kiti akakaa.

Hayat alitoka chuoni moja kwa moja kwenda Kabiro. Filister alikuwa amemwekea samaki na ugali, na hakukubali neno lolote mpaka sahani iishe. Kisha akaichukua doluka kutoka kitandani, alikokuwa ameilaza, akamwinamisha Hayat na kuifunga mwenyewe kwa leso ileile, akikaza fundo kifuani mara mbili.

"Ni nzito," Hayat akasema.

"Eh," Filister akasema. "Inama kidogo. Hivyo. Enda sasa."

Hayat akashuka na mzigo wake mgongoni, akapita Kawangware 56, mbele ya saluni ambako wenzake walitoka mlangoni kumshangaa, akavuka Ngong Road, akaendelea huku jasho linamtiririka na moyo unamdunda kwa furaha ambayo safari hii hakuwa na haraka nayo. Karibu na reli njia ilikuwa nyembamba, na mama mmoja muuza omena alikuwa ameweka mabeseni yake pande zote mbili. Akaitazama leso, akaona jinsi dada huyu alivyolemewa.

"Iting'o ang'o, nyamama?" akauliza.

"Nyathina," Hayat akajibu.

Yule mama akavuta beseni lake kando ampishe.